Magamba Matupu Kizimbani

Nyumba ya Mama Pacha ilikuwa ya mwisho mtaani, pale barabara ya kokoto inapoishia na matope ya mikoko yanapoanza. Ukisimama mlango wa nyuma uliona kamba ya kuanikia nguo, banda la kuku, kisha njia nyembamba ya mbao iliyoingia mpaka kwenye mkondo wa maji. Mwisho wa njia hiyo kulikuwa na kizimba cha miti na wavu, chenye kifuniko na kufuli. Humo ndani walikaa kaa.

Asubuhi za nyumba ile zilifanana. Mume wake, fundi baiskeli, alitoka na sanduku lake la spana kabla chai haijapoa. Pacha waligombania soksi, wakaenda shule. Mama Pacha alikwenda sokoni kuomba vichwa na matumbo ya samaki, maana kaa hachagui chakula. Wifi yake, dada wa fundi, alibaki nyumbani. Alifagia, akaosha vyombo, kisha akapita kwenye zile mbao na ndoo ya mabaki na kuwalisha kaa.

Mama Pacha aliwanunua kaa wakiwa wembamba, kwa watu wanaowatoa mashimoni. Mnunuzi wa mahoteli hamtaki kaa mwembamba. Akimbonyeza, gamba linabonyea, na ndani kuna maji mengi kuliko nyama. Kwa hiyo Mama Pacha aliwaweka kizimbani, akawalisha mpaka wakawa wazito, ndipo akawauza. Kazi hiyo iliezeka upya nusu ya nyumba. Nusu ya pili ilikuwa inangoja.

Wifi alikuwa hajakaa sana pale. Alitoka kwenye ndoa yake na begi moja. Huko kwa wakwe zake mafuta ya kupikia yalikuwa yakipungua jikoni, na yeye ndiye aliyesemwa. Mume wake alisikia yote, akanyamaza. Wifi alisimulia habari hiyo mara moja tu, akiwa anakata vitunguu, ili asijulikane analia nini.

Siku moja maji yalipokuwa yamepungua, Mama Pacha alikwenda kizimbani mwenyewe. Alifungua kufuli, akainua kifuniko. Pembeni, kaa mmoja mkubwa alikuwa akielea, magando mbele, hatikisiki. Alimnyanyua, akashtuka. Alikuwa mwepesi kama karatasi.

Ndani hamkuwa na kitu. Gamba lilikuwa zima, lenye miguu yote na magando yote mawili mpaka nchani. Nyuma tu kulikuwa na mwanya, kana kwamba mtu amefungua kasha, akachukua kilichomo, kisha akarudishia kifuniko. Mama Pacha aliwahesabu kaa waliobaki. Hawakutimia.

Alimuuliza wifi yake. Wifi alisema hajui kitu. Aliwamwagia chakula, akafunga, akarudi. Alijibu huku akisugua sufuria, wala hakugeuka. Mama Pacha aliliona hilo. Mtu asiye na kosa, alijiambia, humtazama anayemuuliza.

Jioni alimwonyesha mumewe lile gamba. Fundi alilipindua mkononi kama anavyopindua pedeli iliyokatika. Alisema labda kaa alikufa tu.

"Kaa akifa ananuka," mkewe alisema. "Huyu hanuki. Huyu ameliwa."

"Nani anakula kaa bila kuvunja gamba?"

"Mtu mwenye subira. Mtu anayeshinda nyumbani mchana kutwa."

Fundi alielewa anasemwa nani. Alisema kikulacho ki nguoni mwako, kisha akajuta kusema hivyo, maana mkewe alilishika neno hilo kwa mikono miwili.

Magamba mengine yakafuata. Kila lilipoonekana gamba tupu, kaa mmoja alikuwa amepungua. Mama Pacha alianza kumchunguza wifi yake. Alinusa vidole vyake alipompa kikombe. Alitazama jalala kama kuna miguu ya kaa iliyotafunwa. Aliona wifi amenenepa kidogo mashavuni, akajiuliza amenenepa kwa ugali upi. Wifi akicheka, basi anacheka kwa sababu ameshiba. Akinyamaza, basi ana la kuficha. Akiamka mapema anakwenda kuiba, akichelewa kuamka amechoka kwa kuiba. Hakukuwa na mlango ambao mwanamke yule angetokea akaonekana mwema.

Mama Pacha aliamua kutega. Alichekecha majivu, akayatandaza kwenye zile mbao kabla ya kwenda sokoni. Siku hiyo alisema kaa hawalishwi, washinde njaa ili matumbo yasafike. Aliporudi, majivu yalikuwa vilevile, hayana hata alama ya kidole. Lakini kizimbani kulikuwa na gamba jingine tupu.

Mtu mwingine angeona hapo kwamba hakuna mwizi. Mama Pacha aliona kwamba mwizi ni mjanja. Amepita kwenye matope, akaosha miguu. Alinunua kufuli jipya, akatia ufunguo kwenye uzi, akauvaa shingoni. Wifi aliuona ule ufunguo wakati wa kula. Alimaliza chakula chake, akaondoa vyombo.

Jambo lenyewe lililipuka bombani. Wanawake wa mtaa walikuwa kwenye foleni na ndoo zao. Mmoja alikuwa analalamika kwamba ameibiwa kuku. Mama Pacha akapaza sauti ili asikike mpaka mwisho wa foleni.

"Afadhali mwizi wako, anaruka ukuta. Wangu nampikia na kitanda nimempa."

Wifi alikuwa nyuma ya watu wawili tu. Aliweka ndoo yake chini.

"Wifi, umenisema mimi?"

"Nimerusha jiwe gizani. Aliyelia ndiye lililompata."

Wifi aliinama, akaichukua ndoo yake ikiwa tupu, akaondoka. Nyumbani alikusanya nguo zake kwenye lile begi alilokuja nalo. Fundi alikuwa uani na baiskeli ya mteja. Alimtazama dada yake, akamtazama mkewe aliyekuwa amerudi kutoka bombani. Alifungua mdomo. Kisha akainama, akakaza nati ambayo ilikuwa imekwisha kukazwa.

Wifi alikwenda kwa mshonaji, rafiki yake wa zamani, ambaye chumba chake kilikuwa mtaa wa pili. Alilala kwenye godoro katikati ya vitambaa vya wateja.

Mama Pacha alidhani sasa atapumua. Aliwalisha kaa mwenyewe, akafunga mwenyewe, ufunguo ukabaki shingoni. Haukupita muda akainua kifuniko, akaona gamba tupu. Zima, lina magando yote, na mwanya ule ule nyuma.

Alikaa juu ya mbao, miguu ikining'inia. Wifi hayupo. Pacha wako shule. Basi amebaki nani? Akamkumbuka mumewe, jinsi alivyomtetea dada yake ile jioni ya kwanza kwa kusema kaa alikufa tu. Akakumbuka kwamba fundi anaweza kufungua kufuli lolote kwa kipande cha spoku ya gurudumu. Jana alirudi nyumbani akasema hana njaa.

Usiku huo, kabla ya kupakua, alimwomba mumewe amwonyeshe mikono. Fundi alidhani ni mzaha, akaionyesha. Ilinuka grisi. Mkewe aliinusa mara ya pili.

Fundi akaelewa. Hakukasirika kwa kelele. Alivuta kiti, akakaa.

"Kesho utanipekua meno," alisema. "Dada yangu umemfukuza. Ufunguo uko shingoni kwako. Mimi ukinifukuza, watabaki kuku. Na hao nao ukiwamaliza, utajishika wewe mwenyewe."

Mama Pacha alipakua chakula. Pacha walitazamana, wakala haraka wakaenda kulala bila kuambiwa.

Habari haikosi miguu. Jirani mmoja alimjia Mama Pacha faraghani, akamwambia kitu kinachokula nyama na kuacha gamba zima si cha kawaida. Alimjua mtu anayeuza dawa ya mambo hayo. Mama Pacha alisema atafikiri. Alifikiri kweli. Hata hivyo yeye alikuwa mtu wa kutaka kuona kwa macho yake. Asubuhi aliweka magamba yote kwenye mfuko, akaenda ofisi ya uvuvi.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja chenye meza, feni isiyo na kifuniko na ndoo za maji ya sampuli ukutani. Aliyekuwamo ni afisa mwanamke ambaye watu walizoea kumwita Bibi Samaki. Alikuwa na buti za mpira zilizokauka matope, na tabia ya kumsikiliza mtu mpaka mwisho. Mama Pacha alimsimulia yote, hata majivu na siku ya njaa, kisha akamwaga magamba juu ya meza.

"Nataka uniambie ni mtu wa namna gani anaweza kula kaa bila kuvunja gamba lake."

Bibi Samaki alichukua gamba moja, akalielekeza dirishani. Aliuliza kama yeye anakula kaa. Mama Pacha alisema anakula. Akaulizwa, basi jinsi anavyokula, gamba linabakije? Mama Pacha alikiri kwamba linabaki vipande. Gando huwezi kulila bila kulipasua.

"Haya magando hayajapasuliwa," Bibi Samaki alisema. "Tazama hapa kwenye vijiti vya macho. Hata ngozi ya macho ipo. Mwizi gani anakula macho na kuacha ngozi yake? Mama, hapa hakuna aliyeliwa. Kaa huyu amejivua gamba akatoka."

Mama Pacha alikunja uso. Alisema anajua nyoka hujivua. Nyoka ana ngozi laini. Kaa ana gamba gumu kama sahani. Atapitishaje gando nene kwenye kiungo chembamba namna ile?

Bibi Samaki alieleza polepole. Mtu ana mifupa ndani, nyama nje. Mtoto akikua, mifupa inakua naye. Kaa amegeuzwa, ugumu wake uko nje. Gamba haliongezeki. Kaa anapokua ndani, gamba linambana kama pacha wako wanavyobanwa na viatu vya mwaka jana. Kwa hiyo anatengeneza gamba jipya, laini kama kitambaa, chini ya lile la zamani. Anaacha kula. Anatafuta pa kujificha. Gamba la zamani linapasuka nyuma, naye anarudi kinyumenyume, akivuta mguu mmoja mmoja. Nyama ya gando hupungua maji na kunywea ili ipite. Akishatoka anakunywa maji, anavimba, na gamba jipya linakaza likiwa kubwa zaidi. Kisha anapata nafasi ya kukua ndani yake.

"Na ukoo wake mzima ndivyo ulivyo," aliongeza. "Kamba wadogo unaowapika, kamba wakubwa wa kwenye miamba, wale kaa wadogo wa matopeni wenye gando moja kubwa wanalopunga kuitana, hata kile kijidudu cha kijivu kinachojikunja ukiinua chungu cha maua. Wote ni jamaa. Wote wamevaa ugumu nje, na wote hujivua."

Mama Pacha aliuliza kamba na kaa wanahusianaje, wakati mmoja mrefu na mwingine kama bakuli. Bibi Samaki akalipindua gamba, akaonyesha kile kipande bapa kilicholala chini ya tumbo. Alisema huo ni mkia. Zamani mno, kabla hajawapo mtu duniani, mababu wa kaa walikuwa na miili mirefu kama kamba. Kati yao walizaliwa wenye mwili mfupi zaidi na mkia uliokunjika kidogo chini. Hao waliingia kwa urahisi kwenye nyufa za miamba na mashimo. Samaki waliwakosa, wakawala wenzao. Waliobaki ndio waliozaa, na watoto walifanana nao. Kizazi kwa kizazi mkia ukakunjika zaidi, mpaka akapatikana huyu bapa, anayetembea upande na kupotea shimoni.

"Umbo hili lina faida mpaka limejitokeza zaidi ya mara moja," alisema. "Kuna viumbe wengine, si kaa hasa, ambao nao kwa njia yao wamefika kwenye umbo hilo hilo. Wengi wao utawajua kwa miguu. Kaa wa kweli ana jozi nne za miguu, ukiacha magando. Wale wengine utaona tatu, ya nne ni ndogo, imefichwa. Na kuna jamaa yao mwingine ambaye mkia wake ulibaki laini. Huyo anajificha kwenye kombe la konokono aliyekufa, analibeba kama nyumba ya kupanga. Akikua anahama, anatafuta kubwa zaidi."

Mama Pacha alisikiliza yote. Mambo yalikuwa mazuri, na alihisi yanaingia akilini. Lakini wasiwasi haukumtoka. Alikumbuka kwamba mshonaji ndiye anayeshona sare za ofisi hii. Huenda wifi amekwisha kumfikia huyu mama na kumpa maneno.

"Hayo ni sawa," alisema. "Sasa kama kaa ametoka kwenye gamba lake, yeye mwenyewe yuko wapi? Nikihesabu hatimii. Kifuniko kimefungwa, wavu mzima. Ameruka?"

Bibi Samaki alisema jibu la swali hilo hatalipata mezani, waende kizimbani. Akavaa buti.

Walipofika, Mama Pacha alifungua kwa ufunguo wake. Bibi Samaki aliwatoa kaa kadhaa kwa wavu wa mkono, akiwashika kwa nyuma ambako magando hayafiki. Mmoja hakuwa na nguvu ya kupigana. Gamba lake lilikuwa limefifia, na nyuma, pale mkia unapoanzia, kulikuwa na mstari kama ufa wa kikombe. Alisema huyu yu karibu kujivua. Akamtia peke yake ndani ya tenga lenye matundu mapana, akalizamisha kidogo mkondoni.

"Lifunge wewe, kwa kamba yako, kwa fundo lako. Nisije nikaambiwa nimebadilisha."

Mama Pacha aliona aibu kidogo, lakini alilifunga. Fundo alilipiga mara mbili.

Kesho yake hakwenda sokoni. Alikaa kwenye mbao na beseni la mchele wa kuchagua, jicho kwenye tenga. Fundi alimwona, akamuuliza leo anamlinda nani. Mama Pacha hakubandua macho kwenye tenga. Jua lilipokuwa limepanda aliona kaa yule anatetemeka. Mstari wa nyuma ulifunguka. Kitu cha rangi ya kijani changa kikaanza kusukumwa kutoka humo, taratibu, kama mtoto anayetolewa shati lililombana kichwani. Miguu ya nyuma ikachomoka, kisha ile mingine. Magando yalichelewa. Yalivutwa, yakapumzika, yakavutwa tena. Mwisho alitoka mzima, akatua chini, amekunjamana na kuchoka. Mbele yake kulikuwa na kaa mwingine, mwenye macho na magando, asiye na mtu ndani.

Mama Pacha alimwita mumewe kwa sauti ndogo. Fundi alikuja na spana mkononi. Walitazama pamoja. Fundo lilikuwa bado limefungwa. Ndani aliwekwa kaa mmoja, na sasa waliona wawili. Mama Pacha alilifungua, akatia mkono, akamgusa yule mpya. Alikuwa laini kama ulimi.

Bibi Samaki alipofika mchana hakuuliza wameona nini. Alimwambia Mama Pacha atazame kwenye kizimba kikubwa, upande wenye kivuli. Maji yalikuwa yanachafuka huko. Kaa watatu wagumu walikuwa wamebanana, wanavutana kitu. Mama Pacha alichota kwa wavu. Kilichobaki kilikuwa nusu ya kaa laini, miguu miwili kama utepe uliolowa. Mwenzao mmoja alikuwa bado anatafuna. Pembeni gamba tupu lilielea, zima, limeachwa nyuma na mwenyewe.

"Hao ndio wezi wako," Bibi Samaki alisema. "Kaa aliyejivua hana silaha. Hawezi kubana wala kukimbia vizuri. Mikokoni angekuwa shimoni kwake mpaka gamba likaze. Hapa umewaweka wote chumba kimoja, hakuna pa kujificha. Wanamla mpaka mwisho, kwa sababu hana sehemu ngumu ya kubakiza. Na siku uliyowashindisha njaa, uliwaongezea hamu."

Mama Pacha alikumbuka majivu aliyoyachekecha. Alikaa chini. Akilini alimwona wifi yake amesimama bombani na ndoo tupu. Fundi naye alikuwa ameketi, ametazama maji.

"Mume wa dada yangu alinyamaza," alisema baadaye. "Na mimi kaka yake nikanyamaza. Sijui nitamwambia nini."

Walikwenda wote wawili kwa mshonaji. Wifi alikuwa anashona vifungo. Mama Pacha alieleza kila kitu, gamba, tenga, wale kaa watatu. Alisema amekosa, akaomba msamaha. Fundi alisema kosa lake ni kubwa kuliko la mkewe, kwa sababu yeye alimjua dada yake tangu utoto na bado hakusema neno.

Wifi alikata uzi kwa meno.

"Nimesikia," alisema. "Mmeniambia hapa ndani, tuko wanne na cherehani. Lakini wifi, wewe hukunisemea humu."

Mama Pacha alielewa. Jioni, foleni ilipojaa, alikwenda bombani bila ndoo. Alisema aliwaambia watu wote pale kwamba anaishi na mwizi, na alikuwa amemsingizia wifi yake. Akaeleza kaa wanavyojivua na kuliwa. Baadhi walicheka. Yule jirani wa dawa alisema hayo ni maneno ya kusitiriana tu. Wengine waliguna, maana jambo la kusingiziwa ni jepesi kuaminika kuliko la kusafishwa. Mama Pacha hakubishana. Aliyarudia yote tangu mwanzo kwa waliochelewa kufika, mpaka foleni ikaisha. Wifi alikuwa amesimama na mshonaji ng'ambo ya barabara. Alisikia.

Alirudi nyumbani wiki hiyo, ila hakurudi kufagia. Alisema akirudi atafanya kazi ya kaa kama mwenye kazi, na kufuli liwe na funguo mbili. Walikubaliana.

Bibi Samaki aliwaelekeza namna ya kujenga upya. Walitafuta kreti za plastiki zenye matundu, wakazigawa kwa vibao, kila kaa chumba chake. Maji yanapita, lakini gando halifiki kwa jirani. Walilishwa kila siku, kidogo kidogo, na mabaki yakaondolewa kabla hayajaoza. Wifi alijifunza kuwajua wanaokaribia kujivua: gamba lililofifia, kukataa chakula, ule mstari wa nyuma. Hao aliwatenga kwenye tenga lenye vipande vya bomba vya kujifichia. Gamba la zamani aliwaachia, kwa sababu wengine hulitafuna ili gamba jipya likaze upesi. Kaa aliyekatika gando hakumtupa tena. Aliona mwenyewe jinsi kaa huyo akijivua anavyotokea na gando jipya, dogo, linalokua kila anapojivua.

Magamba matupu yaliendelea kuonekana, lakini sasa kaa walitimia. Baada ya muda mnunuzi wa mahoteli aliuliza kama wanaweza kumpatia kaa laini, maana wapo wateja wanaomla mzima bila kupasua kitu. Kazi hiyo ya kaa laini ikawa ya wifi peke yake, kwa sababu inataka mtu wa kumtoa kaa majini upesi kabla gamba halijakaza. Nusu ya pili ya nyumba iliezekwa, na chumba kimoja upande huo kikawa chake.

Si kwamba Mama Pacha aligeuka malaika. Sukari ikipungua koponi, bado macho yake yaliwatafuta watu. Tofauti ni kwamba sasa alianza kwanza kutazama kama kopo limetoboka.

Siku moja alikuja mwanamke kutoka upande wa chini wa mkondo. Naye alikuwa na kizimba. Aliingia uani akiangalia nyuma kama mtu anayefuatwa, akafungua mfuko mbele ya wifi, akaonyesha magamba matupu. Alisema kwa kunong'ona kwamba nyumbani kwake kuna mwizi. Ameshamjua. Ni mkwe wake, yule kijana anayejifanya mpole.

Wifi alivuta kigoda, akamkaribisha kukaa.

"Dada, jina usilitaje kwanza," alisema. "Nipe gamba moja tulipindue."